Watoto 28, sufuria moja: niwapikie nini kituoni?

Shikamoo dada,

Naishi Mbagala, Dar es Salaam. Mwaka jana nilifungua kituo cha kulea watoto wadogo mchana hapa nyumbani kwangu, baada ya kufuata taratibu za ustawi wa jamii. Sasa nina watoto 28. Mdogo kabisa ana mwaka mmoja na miezi miwili, wakubwa wanakaribia miaka mitano. Wazazi wao wengi ni wafanyabiashara wadogo na vibarua wa viwandani. Wanawaleta saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wanawachukua saa kumi na moja jioni, wengine mpaka magharibi.

Kila mzazi analipa shilingi 1,500 kwa siku ya chakula. Saa tatu asubuhi nawapa uji wa dona wenye sukari, mwepesi ili wote waweze kuunywa kwa kikombe. Mchana ni wali maharage au ugali maharage, mara nyingine makande, na Ijumaa nawapikia pilau bila nyama. Saa tisa na nusu wanapata chai ya rangi na biskuti au andazi, na joto likizidi nawakorogea juisi ya unga. Sukari natumia kilo moja kwa siku. Matunda nanunua pesa ikibaki, na mara nyingi haibaki.

Nimekuandikia kwa sababu hivi karibuni mama mmoja alitoka kliniki na mwanawe wa miaka miwili, akaambiwa mtoto damu iko chini. Alikuja moja kwa moja kituoni akaniuliza mbele ya wazazi wenzake, "Hapa mnawalisha nini?" Nilikosa la kusema. Huyo mtoto wala hasumbui, kila siku anamaliza uji wake na wali wake.

Tangu siku hiyo kila mtu ana ushauri. Kuna mama anauza unga wa lishe wenye vitu kumi na viwili: mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga, korosho, mbegu za maboga, dagaa na vingine nimevisahau. Anasema nikiutumia huo sina haja ya kuhangaika na kitu kingine. Bei yake ni mara tatu ya dona, na wazazi wengine wameshaanza kuniuliza kwa nini sinunui.

Halafu kuna dada anayenisaidia kupika na kulisha. Ni mchapakazi na watoto wanampenda, ila mtoto akikataa kula anamlaza mapajani, anambana pua na kummiminia uji. Anasema hata yeye alilelewa hivyo, na mzazi akikuta bakuli halijaisha atasema mtoto hakulishwa. Wakati huohuo wazazi wengine wanaweka krispi na juisi za boksi kwenye begi, na mtoto akishajua zimo hagusi wali. Mboga za majani ndiyo usiseme, wanazichambua jani moja moja na kuziweka pembeni ya sahani.

Siwezi kuwapandishia wazazi pesa ya chakula, wengi hiyo 1,500 yenyewe wanaitafuta. Naomba unisaidie nipangeje chakula cha wiki ili watoto wakue vizuri na mimi nisifunge kituo.

Mama Kituo, Mbagala

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kuulizwa vile mbele ya watu.

Kabla ya menyu, hesabu saa. Mtoto anayefika kwako saa kumi na mbili na nusu na kuondoka saa kumi na moja amekaa nawe saa kumi na nusu. Akifika nyumbani mama amechoka, foleni ya Kilwa Road imemmaliza, mtoto anakula kidogo saa moja au saa mbili, analala. Kwa hiyo siku tano katika wiki, sehemu kubwa ya anachokula mtoto huyo inatoka kwenye sufuria yako. Vituo vingi vinapika kana kwamba kazi yao ni kumzuia mtoto asilie njaa mpaka mama aje, na ndiyo maana unakuta uji mwepesi, wanga mwingi na kitu kitamu jioni. Ukikubali kwamba chakula cha kituo ndicho chakula chenyewe cha mtoto, utaona mara moja kinachokosekana kwako. Sahani zako zimejaa, ila tangu Jumatatu hadi Ijumaa hazina yai, samaki, nyama wala maziwa, na tunda ni bahati nasibu.

Hapo ndipo linapoingia suala la damu. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 59 ya watoto wa Tanzania wenye umri kati ya miezi 6 na 59 wana upungufu wa damu. Kwa hiyo kwenye kundi la watoto 28, usishangae kama walio na tatizo hilo ni zaidi ya nusu, hata hao wachangamfu wanaokimbia uani. Mwambie yule mama, kwa upole, kwamba kituo peke yake hakiwezi kubeba lawama yote. Malaria hushusha damu, minyoo pia, na ugonjwa wa selimundu (sikoseli) unahitaji kupimwa. Afuate dawa alizopewa hospitali na arudi tarehe aliyopangiwa. Wewe usinunue vidonge wala dawa ya maji ya kuongeza damu ukawagawia watoto. Madini ya chuma yakizidi ni sumu kwa mtoto mdogo.

Lakini sehemu yako ipo, na ni kubwa. Maharage yana madini ya chuma, tatizo ni kwamba mwili wa mtoto huyafyonza kidogo sana yakiwa peke yake. Yakiliwa pamoja na kipande cha samaki au nyama, au yakisindikizwa na tunda lenye vitamini C kama chungwa, embe, papai au pera, ufyonzwaji unapanda. Chai inafanya kinyume chake, kwa sababu ina kemikali inayoyashika madini hayo tumboni yakapita bila kutumika. Menyu yako ya sasa ina maharage bila tunda, kisha chai. Nakuomba chai uifute kabisa. Mtoto wa miaka miwili hana anachokipata kwenye chai ya rangi zaidi ya maji, sukari na kuibiwa chuma chake. Maji safi yaliyochemshwa yanamtosha, na ikiwa kuna pesa ya ziada, maziwa.

Sasa tuiangalie hiyo kilo ya sukari, maana umeiandika kwa haraka kana kwamba ni jambo dogo. Gramu 1,000 ukiwagawia watoto 28 ni gramu 35 hadi 36 kila mmoja, yaani karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isifike sehemu moja ya kumi ya nguvu yote anayoipata mtu kwa siku, na ni bora zaidi ikibaki nusu ya hapo. Kwa mtoto mdogo anayehitaji kalori 1,200 hivi, hiyo sehemu moja ya kumi ni gramu 30. Watoto wako wanaipita kabla hawajatoka getini, na sijahesabu biskuti. Sukari hii inawaozesha meno, na inawashibisha mapema hivi kwamba wali unabaki. Punguza taratibu, maana ulimi wa mtoto unazoea: wiki ya kwanza tia nusu kwenye uji, baadaye robo. Juisi ya unga iache siku hiyohiyo, haina tunda ndani yake.

Na hapo ndipo pesa zako zilipojificha. Chukua daftari, andika unachotumia kwa wiki kwenye sukari, majani ya chai, biskuti, maandazi na unga wa juisi. Kwa bei za Mbagala nina hakika zinatoka trei mbili za mayai na sehemu nzuri ya matunda, bila mzazi kuongeza hata mia. Trei moja lina mayai 30, wewe una watoto 28. Ukinunua trei mbili kwa wiki, kila mtoto anapata mayai mawili, jambo ambalo wengi wao hawalipati nyumbani.

Tuje kwenye uji. Umesema ni mwepesi ili waunywe kwa kikombe. Tumbo la mtoto wa kilo kumi linabeba takriban mililita 300 kwa mlo mmoja, basi. Kikombe cha mililita 200 cha uji mwepesi huwa na unga wa gramu 20 hivi, ambao ni kalori 70. Mtoto amejaa maji, tumbo limevimba, baada ya saa moja ana njaa tena au amelegea. Huyo ndiye mtoto "asiyesumbua na anayemaliza uji wake". Uji wa mtoto mdogo unatakiwa uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko bila kuchuruzika, na aule kwa kijiko. Uchemshe kwa dona yako, ukikaribia kuiva tia karanga zilizosagwa, kama kijiko kimoja cha chakula kwa kila mtoto, au utie maziwa lita mbili kwenye sufuria nzima badala ya sehemu ya maji. Karanga siku tatu, maziwa siku mbili.

Wale wa mwaka mmoja wakishindwa na uji mzito, kuna kimea, yaani unga wa nafaka iliyochipushwa, na natamani kingerudi majikoni mwetu. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walikishughulikia tangu miaka ya 1980. Loweka ulezi usiku mmoja, chuja, funika kwa kitambaa kibichi siku mbili au tatu mpaka uchipue, anika juani ukauke kabisa, pukuta vichipukizi, saga. Pika uji mzito, uepue, ukishapoa kiasi cha kuweza kuonja bila kuungua tia kijiko kimoja au viwili vya unga huo na ukoroge. Ndani ya dakika chache uji unalainika wenyewe kama umeongezwa maji, lakini unga uko palepale. Urudishe motoni uchemke tena, ndipo uwape. Tumia ulezi. Vichipukizi vya mtama vina sumu, na usipovipukuta vikaisha vinaweza kuwadhuru.

Kuhusu huo unga wa vitu kumi na viwili, usiununue. Mtoto hahitaji nafaka tano ndani ya kikombe kimoja, kwa kuwa mahindi, mtama, ngano na mchele vyote ni wanga. Nafaka moja na jamii moja ya kunde au karanga inatosha, ukiongeza maziwa au yai pembeni. Mchanganyiko ukiwa mrefu hujui kila kitu kina hali gani. Soya isiyokaangwa vizuri inazuia protini isisagwe tumboni. Dagaa na korosho zina mafuta, unga wake unachacha upesi ukikaa kwenye ndoo. Kubwa kuliko yote ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yaliyoathirika nayo. Karanga nunua nzima, zimwage kwenye ungo, uzichambue kwa macho yako. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye vumbi la kijani unaitupa, hata kuku usimpe. Kisha kaanga, saga kidogo kidogo ya wiki moja. Mahindi ya dona hali kadhalika: chambua kabla ya kupeleka mashineni. Na ukiona sembe yenye maelezo kwenye pakiti kwamba imeongezwa virutubishi, nayo si mbaya, unaweza kupokezana.

Wiki yenyewe naiona hivi. Jumatatu wali, maharage ya nazi na mchicha, na robo ya chungwa kwa kila mtoto. Mchele kilo moja na robo hadi moja na nusu unawatosha, na maharage makavu pungufu kidogo ya kilo. Mchicha ukatekate mdogo sana, na ukishaiva uuchanganye na maharage yenyewe, usiuweke kama mlima pembeni mwa sahani. Jumanne ugali laini na dagaa. Naomba ukae na dagaa, mdogo wangu, kwa sababu hakuna kitu cha bei yake kinachomfikia kwa mtoto: analiwa na mifupa yake yote, kwa hiyo analeta protini, chuma na chokaa ya mifupa kwa pamoja. Nusu kilo ya dagaa wakavu inatosha watoto wote. Waoshe kwa maji ya moto mara mbili tatu mpaka mchanga uishe, ondoa vichwa kama vina uchungu, wakaange kidogo bila mafuta wakauke, halafu uwatwange. Waunge kwa nyanya, kitunguu na tui la nazi mpaka uwe mchuzi mzito. Dagaa waliotwangwa hawana macho ya kumtazama mtoto, na hata wa mwaka mmoja anawala. Siku hiyo mboga iwe matembele.

Jumatano viazi lishe, vile vyenye rangi ya chungwa ndani, vya kuchemsha na kupondwa kwa maziwa au mafuta kidogo, na yai. Wakubwa wapate yai zima, wa chini ya miaka miwili nusu, nao wamalizie nusu ya pili Alhamisi kwa yai jingine jipya, usilaze yai lililochemshwa. Viazi hivyo vina vitamini A kwa wingi. Visipopatikana soko la Rangi Tatu siku hiyo, boga linafanya kazi ileile. Alhamisi makande ya mahindi yaliyokobolewa na kunde, yaliyoiva mpaka yanapondeka, yenye karoti na majani ya maboga, na papai baadaye. Ijumaa pilau lako libaki, watoto wanalisubiri, ila tia kilo moja ya maini ya kuku yaliyokatwa vipande vidogo. Mtoto mmoja anapata kama gramu 35, na kwa maini hiyo inatosha kwa wiki nzima. Usiwape zaidi, vitamini A ya maini ni nyingi mno. Maini yakikosekana, nyama ya kusaga. Wiki inayofuata badilisha: choroko mahali pa maharage, ndizi za kupika mahali pa viazi, samaki wa soko la Feri aliyechambuliwa miba mahali pa dagaa. Kisamvu pia kizuri, mradi kimetwangwa na kuchemshwa sana.

Saa tisa na nusu wape ndizi mbivu, au tikiti, au kipande cha parachichi, au kiazi cha kuchemsha. Yai la pili la wiki liweke siku mojawapo hapa. Wale wadogo wanaonyonya, waambie mama zao waendelee kunyonyesha asubuhi na usiku mpaka miaka miwili na zaidi.

Sasa huyu dada wa jikoni. Kumlaza mtoto, kumbana pua na kummiminia uji kukome leo. Mtoto aliyebanwa pua anapumua kwa mdomo, na uji unaelekea mapafuni. Anaweza kupaliwa akafa mikononi mwake, au akapata homa ya mapafu ambayo hakuna atakayejua imetoka wapi. Na hata akinusurika, anajifunza kwamba kijiko ni adui, ndiyo maana kesho anakataa zaidi. Usimfokee dada, kaa naye. Yeye anaogopa lawama ya bakuli lililobaki, kwa hiyo mwondolee hofu hiyo: waambie wazazi wewe mwenyewe kwamba kituo hakitalazimisha mtoto kula, na mtoto akila kidogo siku nzima watapewa taarifa jioni. Mtaalamu mmoja wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliweka utaratibu ambao walezi wengi duniani wanaufuata: mkubwa anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi, na mtoto anaamua ale kiasi gani, au asile kabisa mlo huo. Unafanya kazi, kwa sharti kwamba saa za kula haziyumbi na katikati hakuna krispi. Mtoto mwenye afya akiruka mlo mmoja, mlo unaofuata atafidia. Anayekataa milo mfululizo, au amepoa na macho hayana raha, huyo ni mgonjwa, apelekwe kituo cha afya.

Mboga zinahitaji uvumilivu wa kweli. Mtoto anaweza kukataa kitu mara kumi na zaidi kabla hajakizoea, na kukiona tu sahani ya mwenzake kunahesabika. Weka kijiko kimoja kila siku bila kusema neno. Dada na wewe mkae mkekani na mle chakula kilekile, mbele yao, kwa mkono kama wao. Watoto wa miaka mitatu wanakula wanachoona mkubwa anafurahia. Wakubwa wachambue mchicha wenyewe asubuhi, mikono ikiwa imenawishwa. Utaona wanavyougombania wa kwao.

Krispi na juisi za boksi zisiingie getini. Andika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kwa lugha ya heshima, utaje tarehe ya kuanza, na siku hiyohiyo weka menyu ya wiki na picha ya sahani. Mzazi anafunga krispi kwa kuwa hajui mtoto atakula nini, au anajua ni uji na chai. Akiona yai na dagaa atalegea. Atakayeshikilia, mwite pembeni, mweleze kwamba mtoto mmoja akifungua pakiti wenzake 27 wanaacha sahani. Keki ya siku ya kuzaliwa iruhusu baada ya chakula cha mchana, kipande kidogo, bila soda. Hapohapo kwenye fomu ya kujiandikisha ongeza swali la vyakula vinavyomdhuru mtoto: karanga, mayai, maziwa, samaki. Ukipata mmoja mwenye shida ya karanga, zitoe kwenye uji wa wote.

Usalama jikoni sitaki kuurefusha, ila mambo mawili yanaua. Karanga nzima, bisi, pipi ngumu na kokwa zisionekane karibu na watoto wako, na kila kitu cha mviringo kikatwe vipande virefu vyembamba. La pili ni wali uliolala. Wali ukikaa saa nyingi kwenye joto la Dar vijidudu vyake hutoa sumu isiyokufa hata ukiupasha moto ukafuka. Pika saa tano, uliwe saa sita, kinachobaki kisipewe mtoto mchana wala kesho yake.

Mwombe mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii wa mtaa wenu apite kituoni na utepe wa kupimia mkono. Mtoto kuanzia miezi sita mpaka miaka mitano akipimwa mzunguko wa mkono ukawa chini ya sentimita 11.5 apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na kati ya 11.5 na 12.5 afuatiliwe kwa karibu. Kila Juni na Desemba hakikisha wote wamepata matone ya vitamini A, na dawa ya minyoo kwa waliotimiza mwaka. Kagua kadi zao za kliniki, usitegemee neno la mdomo.

Usibadilishe kila kitu wiki moja, utachoka na watoto watagoma. Jumatatu hii ondoa chai na juisi ya unga, nunua trei la kwanza, na uzungumze na dada kabla hajawasha moto. Wiki ya pili ufanye uji uwe mzito na ulete dagaa. Maini yatafuata. Weka daftari la matumizi kila siku, na mwezi ukiisha nitumie hesabu zake tuone pamoja ni wapi pa kubana ili tunda lipatikane siku zote tano.